Silabi Juani

Kisa hiki, Mjomba Donat aliwaambia wauza samaki wa Gisenyi, hata padri akikisikia atauliza mara mbili. Mpwa wake, yule karani wa mahakama aliyeinama pale ufukoni, alisoma sheria miaka miwili ng'ambo ya mpaka, kisha vita vikamrudisha nyumbani, shahada ikabaki nusu. Silabi zake za chuo, zile karatasi za masomo, alizivusha mgongoni, kazifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga. Mpaka leo, kila Jumamosi huzianika kando ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, karatasi moja moja, kila moja na jiwe lake, na kidole chenye wino hufuata mistari ambayo midomo inaijua tayari. Juzi, karani akigonga muhuri mahakamani, mama mmoja wa Mahoko, mwenye kesi ya shamba, alimwita “wakili”. “Bado, mama,” akajibu polepole, muhuri ukabaki hewani.

“Bon, sasa sikilizeni,” Donat akapandisha sauti. “Jana chuo cha Butare kimemuandikia barua. Wanasema njoo umalize, kiti yako iko, hata profesa mukubwa amekataa kufundisha mpaka—”

“Mjomba,” karani akasema bila kuinua macho, akigeuza karatasi upande wa pili. “Hiyo barua uliiona, ao unaitamani tu kama mi?”