Kusikiliza Tangi

Kwa mama mkwe wangu, Kalekye, maji yalikuwa na vyeo. Maji ya kwanza yalikuwa ya kunywa na kupikia, na hayo hayakutiwa mkono. Ya pili ni yale yaliyokwisha kuosha mchele au sukuma wiki. Hayo yaliosha vyombo, tena baada ya vyombo kusuguliwa kwa jivu na kufutwa kwa gunzi la mahindi. Ya tatu yaliosha miguu jioni, kisha yakabebwa kwa beseni hadi kwenye migomba mitatu nyuma ya jikoni. Wiki yangu ya kwanza pale nilimwaga maji ya mchele uani bila kufikiri. Mimi nimezaliwa Matuu, karibu na mfereji, na kwetu maji yakimwagika yamemwagika. Kalekye hakunigombeza. Alisimama akapatazama pale palipolowa mpaka pakakauka, ndipo akaingia ndani. Heri angenigombeza.

Nyumbani kwake ni Masii, kwenye mteremko unaotazama mto ambao huwa na maji wiki chache tu kwa mwaka. Mume wangu Kilonzo, mwanawe wa pekee, anashona suruali katika kiwanda kimoja huko EPZ, Athi River, na siku hizo alikuwa akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa, lakini ukijumlisha zile siku tulizokaa pamoja hazikufika miezi minne. Nilitaka kwenda kuishi naye. Sifumbi maneno: nilitaka sana, na kila nilipobeba beseni kwenda kwenye ile migomba nilitaka zaidi. Kilichonizuia ni kwamba Kilonzo hakutaka mama yake abaki peke yake, na mama yake hakutaka kuondoka.

Mwaka huo mvua ya Aprili ilitudanganya. Mwezi wa saba Kilonzo alikuja, akapanda juu ya tangi letu la plastiki, akachungulia ndani, kisha akashuka na kuchora mstari wa rangi nyekundu ubavuni mwake, kimo cha goti. Alisema maji yakifika pale kabla ya mvua ya Novemba, atakuja na pikapu atuchukue sote wawili. Kalekye alilikubali sharti hilo papo hapo, akijua hatayaacha maji yafike pale. Nyumbani pale ndipo alipoolewa, pale ndipo alipomzika mumewe, na chumba cha kupanga chenye choo kinachotumiwa na milango kumi alisema hatakiona kwa macho yake. Kwa hiyo mstari ule ulikuwa wake kuulinda. Mimi nilikuwa nikiomba maji yaufikie.

Alibana matumizi mpaka nikashangaa kwamba kulikuwa na cha kubanwa. Mahindi na maharagwe ya isyo yaliloweshwa tangu jana yake ili yasikae sana motoni, na juu ya sufuria ya isyo hakuweka kifuniko, aliweka sufuria nyingine yenye maji ya kuoga, yapate joto la bure. Kopo la kunawia lilitobolewa kwa msumari, likaning'inizwa mlangoni, likawa linatiririsha uzi mwembamba wa maji. Alijua kuoga kwa kikombe kimoja na kitambaa, na alitoka akinukia sabuni kuliko mimi niliyetumia nusu beseni.

Siku moja akaja bwana mmoja kutoka mjini, Wathome, kufundisha akina mama namna ya kutunza maji. Alikuwa na karatasi zenye picha. Katikati ya somo alisuuza kikombe chake cha chai, akainua mkono amwage, na Kalekye akasukuma beseni kwa mguu likafika chini ya kikombe kabla ya tone kuanguka. Hakuacha hata kuchambua mboga zake. Wathome alimaliza somo upesi siku hiyo.

Kila asubuhi Kalekye alilisikiliza tangi. Aligonga kwa mpini wa mwiko kuanzia juu, akashuka taratibu. Sauti ilikuwa tupu, tupu, tupu, halafu ghafla inakuwa nzito, na hapo ndipo maji yalipo. Kisha alipima kwa kiganja kutoka hapo hadi kwenye mstari na kusema shibiri ngapi zimebaki. Mwanzoni mwa Oktoba niligundua jambo. Alikuwa akigonga huku ananitazama usoni. Sauti ilipobadilika, nami nikabadilika kidogo bila kujijua, ndipo mkono wake uliposimama. Mama huyu alikuwa hasikii vizuri, na sauti ya tangi haikumfikia tena. Alikuwa akilisoma tangi usoni mwangu.

Ningeweza kumwonea huruma. Badala yake nilijaribu. Kesho yake mwiko ulipopita pale penye maji nilikaza uso, nikauachia mwiko ushuke, na shibiri moja chini nikaulegeza uso. Zilikuwa shibiri tatu. Akasema mbili, nami nikasema, "Ndio, Mwaitu, mbili." Mwaitu ni mama kwa Kikamba.

Nilidhani akiona maji yanakwisha atakata tamaa, atampigia Kilonzo mwenyewe, na hakuna atakayesema nimemfukuza mtu kwake. Sikumjua vizuri. Siku hiyo hiyo aliacha chai ya jioni. Siku ya tatu kikombe chake cha mchana kikawa nusu. Mimi alinimiminia changu kikajaa, na nilipokataa alisema mimi bado kijana, ninywe. Nilikunywa. Kila asubuhi nilimteremshia maji kidogo zaidi, na kila jioni nilimwona ameketi mlangoni akilamba midomo iliyopasuka, nikajiambia ni siku chache tu, Athi River atakunywa mpaka achoke. Nilijichukia, lakini sikuacha. Ilikuwa hivyo kwa siku tisa.

Jumapili baada ya kanisa Kilonzo alipiga simu. Kalekye huiweka simu kwenye sauti ya juu, nami sasa nilijua kwa nini. Kilonzo alisema kwamba mama yake alimwambia jana imebaki nusu shibiri, na mwenye pikapu alitaka kujua leo kama atakuja Jumamosi. Basi aambiwe, maji yamefika mstari au hayajafika?

Nilijua neno nililopaswa kusema nikitaka kwenda. Lilikuwa fupi. Lakini Kalekye alinisogezea simu.

"Uliza bibi yako," alimwambia Kilonzo. "Mimi masikio yangu ilikufa mwaka jana. Yeye ndiye anasikia tangi siku hizi. Vile atasema, ndio hivyo."

Alikuwa amelificha jambo hilo hata kwa mwanawe, na sasa alikuwa akilitoa, akiniwekea mkononi nyumba yake na kaburi la mumewe. Aliniangalia usoni kama asubuhi zote, na mimi sikuwa tena na uso wa kumdanganyia.

"Iko shibiri mbili na nusu," nikasema.

"Lakini Mwaitu aliniambia nusu."

"Nilimdanganya. Nilitaka kuja kwako."

Nilimsikia Kilonzo akihema, nikangoja aanze kunigombeza, na nafikiri ningeshukuru kama angeanza. Kalekye ndiye aliyezungumza, kwa upole, akiwa ameinamia simu.

"Kuja na hiyo pikapu Jumamosi," alisema. "Uchukue bibi yako. Hii maji imebaki ni ya mtu mmoja mpaka mvua, nimepima. Ndinda wa jirani atakuwa analala hapa na mimi. Huyu aliolewa na wewe, hakuolewa na tangi."

Kilonzo alijaribu kubisha, akazimiwa simu. Tukabaki wawili. Nilimwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, na yeye akanishika mkono, akaniinua, akanipeleka hadi kwenye tangi. Alikibandika kiganja changu juu ya plastiki, akakishusha polepole. Palikuwa na joto la jua, joto, joto, kisha pakawa baridi. Baridi ilianzia pale pale, shibiri mbili na nusu juu ya mstari.

Alikuwa akijua. Tangu asubuhi ile ya kwanza ya uongo wangu alikuwa akijua, kwa kiganja kile kile alichopimia shibiri.

Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini aliacha chai. Kwa nini akakaa na kiu siku tisa, na maji anayo, na anajua anayo.

"Ningekunywa chai, ungejua najua," alisema. "Ungekaa aje kwa hii nyumba na hiyo aibu?"

Jumamosi nilipanda pikapu. Nilikuwa nimepata nilichotaka, na nililia mpaka Machakos mjini.