Nyumba ya Zama za Mfalme Edward

Juma lililopita nilirudi Thornton Heath, Uingereza, kumkabidhi mnunuzi funguo za nyumba alimonilea bibi yangu. Nilikuwa na ombi moja kwake: asilivunje jiko la bibi. Mlangoni nilikuta tangazo la dalali likiisifu nyumba hiyo kuwa ni ya zama za Mfalme Edward, na moyo ukaniuma, rafiki yangu.

Utotoni mwangu nyumba ile ilinukia iliki na makoti yaliyoloa mvua. Jumamosi tulikuna nazi kwa zamu, tukiwa tumekalia mbuzi ambayo bibi alihama nayo kutoka Pemba. Treni ilipopita nyuma ya ua, vikombe vikagongana kabatini, bibi alinung'unika, "Huyo hana adabu, anapita bila ya hodi."

Jirani yetu, mjane wa Kiingereza, alizoea kuja kunywa chai ya tangawizi. Siku moja alitueleza, nami nikitafsiri, kwamba mtaa wote ulijengwa zama za Mfalme Edward, mwanzoni mwa karne ya ishirini.

"Muulize, alitawala miaka mingapi?" bibi aliniambia.

Haikufika kumi.

"Hata kumi! Jamvi langu limedumu kuliko yeye. Na tofali hakubeba hata moja!"

Jirani alicheka hadi chai ikamwagika. "Basi hizi ni zama zako, shoga," alisema, na hilo neno la mwisho alilitamka kwa Kiswahili, kama bibi alivyomfundisha.

Tangu hapo bibi alitoa amri: katika zama zake, abishaye hodi halali njaa. Wageni waliotoka Unguja na Pemba, wasio na pa kulala, walikula wali wa nazi jikoni mle kabla ya kuulizwa majina. Leo mtaani humo watu hawajuani hata kwa salamu, nasi twaita hali hiyo maendeleo.

Mnunuzi, kijana mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jiko litavunjwa, kwa kuwa anataka kuirudisha nyumba ilivyokuwa zamani.

"Zamani ipi?"

"Ya Edward," alijibu kwa furaha isiyo na ubaya wowote.

Historia huwatunza waliokaa kitini. Waliopika huwafuta pamoja na moshi wao. Nikampa funguo.

Binti yangu, ambaye hakuwahi kuisikia sauti ya bibi, alikuwa akinisubiri garini. Aliniuliza kwa Kiingereza kama tumemaliza. Nilimwambia ndiyo, nikafunga mkanda.