Ngwe ya Mwinjilisti

Mume wangu alikuwa mwinjilisti, na sauti yake aliipatia Mikumi, kando ya barabara kuu, ambako mtu akitaka kusikika lazima ashindane na malori. Akaja nayo hivyohivyo kijijini kwetu karibu na Chanzuru, wakati ule watu walipotolewa kwenye mashamba yao ya zamani wakapangiwa nyumba kwa mistari. Kijijini hapakuwa na malori. Palikuwa na majirani, wengi wao Waislamu, wenye dini yao tangu enzi za babu zao na wasioona imepungukiwa na nini, na katikati yao mume wangu akiongea kama yuko Mikumi.

Aliwahubiria watu kisimani. Aliwahubiria kwenye foleni ya duka la ushirika, wakati wanasubiri sukari ambayo huenda haipo. Ukimwamkia asubuhi, ukijiponza ukamuuliza ameamkaje, unaanzia Mwanzo na unaachiwa Kutoka. Wenyeji walikuwa na adabu zao, hakuna aliyemkatiza. Walijifunza tu kupita njia nyingine. Mimi nilimpenda hivyohivyo. Ukipenda boga penda na ua lake, ingawa ua langu lilikuwa na kelele.

Shamba la kijiji lilikuwa la pamba. Asubuhi mwenyekiti alipima kwa kamba, kila mtu akapewa ngwe yake, tukalima bega kwa bega, na aliyemaliza ngwe alikuwa huru kwenda kwake. Mume wangu alilima huku anahubiri. Basi aliyepangwa kulia kwake alilima kama anayefukuzwa na nyuki, na wa kushoto vilevile. Jua halijawa kali, wenzake wameshaosha majembe, yeye yuko peke yake anaiambia miche ya pamba itubu.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa maneno machache na akili nyingi. Aliliona jambo hilo kabla yangu. Akaanza kumpanga mwinjilisti katikati ya wavivu.

"Ndugu Mwinjilisti, leo utaanzia pale," anasema, uso mkavu kabisa, na pale ndipo waliposimama wale wanaokuja shambani na usingizi wao. Siku hiyo wavivu wanalima mpaka unawaonea huruma. Nilisikia mmoja akimlilia mwenyekiti ampe ngwe mbili, ila mbali.

Mume wangu alifikiri mwenyekiti anamtafutia wasikilizaji wapya, akamshukuru mbele za watu. Nilishindwa kuvumilia. Jioni nikamweleza, tena bila kuzunguka, maana mimi kuzunguka sijui.

Aliacha kula, ugali ukapoa. "Kumbe mimi ni fimbo ya mwenyekiti," akasema. Katika dunia hii alitaka kitu kimoja tu, mtu mmoja wa kumsikiliza kwa hiari yake, na sasa alijua kwamba hana. Akasema pamba ikishavunwa atawaomba wakubwa wa kanisa kule Kilosa wamhamishe. Moyo uliniuma kwa ajili yake, halafu nikakasirika. Nilishahamishwa mara moja, juu ya lori, na chungu changu kizuri kikavunjikia njiani. Nikamwambia sihami tena kwa sababu ya watu wasiopenda hadithi.

Hapo ndipo mwenyekiti alipompanga kando ya mvivu kuliko wavivu wote. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, Mwislamu, mtu mzima asiye na mke, ambaye mpini wa jembe lake ulikuwa mpya miaka yote kwa kutoshikwa. Tulisubiri tumwone akikimbia. Hakukimbia. Kukimbia nako ni kazi.

Badala yake aligundua jambo. Mume wangu akinogewa na hadithi, jembe lake lilikwenda kasi na halikuona mpaka. Basi jirani akaegemea mpini, akawa muulizaji.

"Enhe, Mwalimu! Na hao wanyama wote ndani ya safina, nani alikuwa anazoa mavi?"

Kabla maji ya gharika hayajakauka, nusu ya ngwe ya jirani ilikuwa imelimwa. Mimi niliona yote kutoka ngwe yangu, nikachemka. Jioni nikasema, "Yule mtu amekugeuza trekta."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Nuhu."

"Na unamwachia?"

"Anauliza, mke wangu. Tangu tuje hapa nani mwingine ameniuliza kitu?"

Nikamwongezea ugali.

Wakati wa palizi homa ikamwangusha palepale shambani, jembe mkononi na hadithi mdomoni. Tukambeba nyumbani. Alitetemeka siku kadhaa, na akipata nafuu kidogo alitazama mlango. Hakuna aliyekuja. "Trekta likiharibika," akasema, "nani hulitembelea?" Akataja tena Kilosa na uhamisho, na safari hii sikuwa na nguvu ya kubishana naye.

Magugu hayamsubiri mgonjwa. Nilipopata nafasi nikachukua jembe nikaenda kupalilia ngwe aliyoiacha nusu. Nikaikuta imepaliliwa, safi, mpaka pembeni. Nikadhani nimekosea mstari.

Jioni ile tukasikia hodi. Alikuwa jirani, hana jembe, viganja kavizungushia matambara.

"Shemeji, mgonjwa anaongea?"

"Kidogo."

"Kidogo kwake kunanitosha."

Akaingia, akasimama karibu na kitanda, akampa pole. Kisha akasema kwa uchungu wa kweli, "Mwalimu, umenikatia pabaya. Yule bwana wa njia ya Yeriko kapigwa na wanyang'anyi, kuhani kapita, Mlawi kapita, na wewe ukaanguka. Mtu bado yuko njiani anavuja damu! Nimepalilia ngwe yako nikidhani mwisho utanijia wenyewe. Haukuja. Nani alimwokota?"

Mume wangu alivitazama vile viganja kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na haikuwa homa.

"Mtu wa dini nyingine," akasema.

Jirani akalipima neno hilo. "Alikuwa mvivu?"

"Maandiko hayasemi."

"Lazima alikuwa mvivu. Wenye haraka si ndio waliompita?"

Akavuta kigoda, akaketi.

"Enhe," akasema, "akampeleka wapi?"

Mume wangu akaniomba nimwinue akae.