Udi wa Hajja Juu ya Sampuli

Siku hiyo tulikuwa wanawake wanne sebuleni, mtaa wa Suwaidi, Riyadh: madam, aliyekuwa amepata leseni ya gari majuzi tu, mama yake, ambaye sote tulimwita Hajja, mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa mgeni, na mimi, mfanyakazi wa nyumba, nimeshika dele la kahawa.

Mdogo wangu alikuwa anasomea fizikia upande wa Jeddah. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule darasa la saba, nikamlea. Alipopata nafasi ya kutumia mashine ya leza ya chuo kimoja Riyadh jioni ile, madam alikataa katakata apite bila kula kwake.

"Amebeba nini?" Hajja akauliza. Mgeni hakuuachia mkoba wake hata wakati wa kula.

Akafungua kiboksi. Ndani mlikuwa na kibamba cheusi, kidogo kuliko ukucha.

"Sioni kitu."

"Hata mimi sioni bila darubini," mdogo wangu akacheka, nami nikawa natafsiri. Juu ya kibamba, alisema, kuna utando wenye unene wa atomi chache tu. Ukimulikwa kwa leza hutoa mwanga mwekundu, mkali lakini uliochanganyika rangi. Sehemu moja ameifunika kwa grafini, tabaka moja tu la kile kilichomo ndani ya penseli. Grafini hunyonya elektroni zilizozidi. Mwanga hufifia, ila unabaki wa rangi moja safi. Hilo ndilo alilotakiwa kulithibitisha. Alikuwa amebandua tabaka kwa utepe wa gundi wiki nenda wiki rudi, na ni kipande hiki kimoja tu kilichokubali.

Kiarabu changu ni cha jikoni. Nikamwambia Hajja grafini ni kawa, kile kifuniko cha chakula. Akaridhika.

Sasa, nyumba ile mgeni haondoki bila kufukizwa. Hajja akaleta chetezo kinafuka udi, akampitishia mdogo wangu chini ya mtandio, kulia na kushoto. Kisha, kabla hatujatanabahi, akakipitisha juu ya kiboksi kilichokuwa wazi.

"Na hiki ni mgeni wetu," akasema.

"Dada, moshi!"

Kiboksi kikafungwa, lakini moshi ulikuwa umeshatua. Mdogo wangu akasema chembe za moshi zinaweza kuuharibu utando wote. Nilipomweleza Hajja, alikaa chini polepole. "Nilitaka kukiheshimu," akasema.

Madam akachukua ufunguo. "Yalla! Tutajua huko huko."

Hajja akakataa kubaki. Njiani madam alikuwa akifunga breki kwa kila gari aliloliona, hata lililoegeshwa.

"Kama moshi haukukiua," Hajja akasema kutoka nyuma, "wewe utakiua."

"Mama, unataka kushuka?"

"Sishuki. Endesha."

Hata mdogo wangu alicheka, bila kujua limesemwa nini.

Pale chuoni aliingia peke yake, maana wageni hawaruhusiwi. Sisi watatu tulibaki garini tukila tende. Mwishowe simu yangu ikalia, na video ikafunguka: kioo cha kompyuta, na juu yake doa jekundu hafifu.

"Dada, kimepona! Sehemu iliyokuwa wazi imejaa madoa ya udi, lakini ile niliipima Jeddah zamani. Chini ya grafini mwanga ni mmoja, safi kabisa. Mwambie Hajja kweli ni kawa!"

Hajja aliinyakua simu, akaisogeza hadi karibu iguse pua. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Simu si macho," akasema. "Mwambie nataka kukiona chenyewe kikiwaka. Mimi nimekifukiza, nina haki yangu."

Mdogo wangu akaapa kwamba atamwonyesha.

Shahada ya uzamivu ameshaipata. Bado hatujapata chumba chenye leza ambacho kitamruhusu bibi mzee aingie na kiti chake. Kila mdogo wangu akipiga simu, Hajja ananiwahi kuipokea, na hata salamu haisubiri. "Mwanga wangu uko wapi?" anauliza, na mdogo wangu, daktari mzima wa fizikia, anaanza kujitetea.