Baba Alilala Mnarani Siku ya Arusi Yangu

Siku ya nikaha yangu, baba yangu mzazi alilala. Hakulala mtaani kwetu Barani, wala hakulala kwa maradhi. Alilala Mnarani, chini ya lori, juu ya mkeka, mchana kweupe, na wakwe zangu tayari wamevaa makanzu wanatafuta viatu. Nikisimulia hivi watu hucheka, na mimi huwaacha wacheke wamalize. Kisha huwaambia kwamba wanaume waliovaa majoho siku ile walikuwa wengi, lakini ninayemstahi kuliko wote ni huyo aliyekuwa amelala.

Baba ni dereva wa masafa marefu. Hupeleka chumvi bara, na kurudi hurudi na chochote atakachopewa, unga, saruji, mabati. Ndani ya mlango wa lori lake imebandikwa karatasi ya masharti: dereva akishaendesha saa zake asimame, apumzike ndipo aendelee, na kwa siku nzima kuna kiasi asichoruhusiwa kukipita. Madereva wengi karatasi ile huipitishia macho tu. Watatafuna majani ya muguka ya kufukuza usingizi mpaka mashavu yavimbe, watajimwagia maji usoni, watafungua redio mpaka mwisho, mradi wafike. Baba aliyashika masharti yale kama anavyoshika swala. Wenzake walimcheka. Walimwita bibi arusi, ati kwa kupenda kulala. Yeye akiitika, "Naam, bibi arusi ameshalala, nyinyi je?"

Tena alikuwa na taratibu zake. Upande wa Mnarani, kabla hujavuka daraja la Kilifi kuja kwetu, kuna mama anayepika wali wa nazi kwenye kibanda cha makuti. Baba akifika pale huegesha lori pembeni kabisa, huzima, hushuka, humwamkia, halafu humkabidhi yule mama ufunguo wa gari. Mama huteleka wali. Baba hutandika mkeka chini ya lori kwenye kivuli, huvua viatu akavipanga vizuri kama yuko mlangoni mwa msikiti, akalala. Ufunguo harudishiwi mpaka wali upaliwe makaa, uive, upakuliwe. Nilipomuuliza kwa nini asiweke tu simu imwamshe, alisema simu unaweza kuinyamazisha ukaondoka kabla ya wakati, ila yule mama hanyamazishiki.

Na sababu anayo. Kabla sijazaliwa, alikuwa akirudi nyumbani amechoka, lakini ana hamu ya kufika, akasema moyoni mwake, hapa si mbali, najikaza tu. Anakumbuka kupita Tezo. Kilichofuata anachokumbuka ni kuwa yuko Matsangoni, mikono iko kwenye usukani na gari liko upande usio wake. Hakuumia mtu. Lakini yale ya katikati hayajui mpaka leo. "Nilipita kwa watu," hutuambia, "kuna skuli pale, kuna watoto wanavuka barabara, na mimi sikuona hata mmoja." Akifika hapo huomba maji ya kunywa.

Basi, wiki ile ya arusi aliondoka mapema makusudi, akijua atarudi siku mbili kabla. Huko bara foleni ya kushusha mzigo ikamweka. Kila siku mama yangu anapiga simu, kila siku anaambiwa "bado." Siku yenyewe ikafika. Nikaha ni baada ya Alasiri, na baba ndiye walii wangu, ndiye wa kuniuliza idhini na ndiye wa kuniozesha. Mimi nimekaa chumbani, hina hadi viwiko, nimeshasingwa, nimeshafukizwa udi, nimekazwa nywele mpaka kope hazifungi. Sikutaka dhahabu wala kochi la kukalia kama malkia. Nilitaka kitu kimoja, nisikie sauti ya baba ikiniuliza kama nimeridhia.

Alasiri ikikaribia, simu ya mama ikalia. Wanawake wote wakaisogelea wasikie.

"Nimefika Mnarani," baba akasema.

Vigelegele! Mama akalia machozi ya furaha palepale.

"Saa zangu zimekwisha. Nalala kidogo, kisha naja."

Vigelegele vikakatika. Mama akaitazama simu, akaiweka sikioni tena. "Unalala? Wee mwanamume, unalala nini? Arusi ya mwanao leo!"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nalala." Akakata.

Nyumba ikawaka moto. Kila mwenye mdomo alisema. Kwa bahati ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa Kilifi mjini amekwenda kuchukua viti na birika la kahawa. Akapigiwa, vuka daraja haraka, kamwamshe ndugu yako. Akavuka. Punde akapiga simu, na mama akaifungua sauti ili sote tusikie.

"Nimemkuta. Amelala, viatu amevipanga. Na huyu mama amekatalia ufunguo!"

Nyuma yake tukamsikia mwenyewe mama wa wali, wala hakupaza sauti. "Wali haujaiva."

"Lakini mama, ni arusi ya binti yake!"

"Masha'Allah, hongera. Wali haujaiva."

"Nakuapia Mungu, walii ndiye huyu!"

"Hata ungekuwa unaoa wewe, bwana. Kaa hapo kwenye benchi."

Ami akamwamsha baba kwa mkono, akamwambia apande gari lake dogo, probox, waliache lori hapohapo. Baba hakuinuka. Akasema kwanza lori limejaa unga wa watu, haliachwi barabarani kama punda. Kisha akamtazama ami vizuri usoni, akamuuliza, "Na wewe, usiku wa jana umelala?" Ami alikuwa amekesha akichinja mbuzi na kupokea wageni. Baba akamwonyesha mkeka. "Macho mekundu hivyo ndiyo unataka kunibeba nayo? Lala hapo." Tukasikia mkeka unasogezwa. Baada ya hapo simu ya ami haikushikwa tena.

"Na huyu naye amelala!" mama akapiga kelele. "Ya Rabi, nimeolewa kwenye ukoo gani mimi?"

Nilikasirika. Sifichi, nilikasirika hasa, machozi yakanitoka na aliyekuwa akinipaka wanja akanifokea. Niliona kama lori na karatasi yake vimenishinda mimi. Nikajisemea, mwaka mzima anajua siku yangu, na leo anahesabu saa!

Wakwe wakafika, wakakaribishwa barazani, wakapewa kahawa na haluwa. Baba mkwe wangu ni mtu mstaarabu sana, hakukunja uso. Aliomba tu kuzungumza na mama, akatoa shauri la mtu mwenye busara: mzee ampe sheikh uwakala kwa simu, naye afunge ndoa kwa niaba yake, sheria inaruhusu, na sheikh yupo hapa. Watu wakaitikia, alhamdulillahi, mambo yamekwisha. Mama akapiga simu ya baba, aliyokuwa ameiacha kibandani. Safari hii aliyeshika ni mama wa wali, na kwa kuwa wali ulikuwa umeshapaliwa, akakubali kumpelekea baba simu mkekani.

Baba akasikiliza yote. Kisha akasema, "Muulizeni mwenyewe. Kama ana haraka, namwachia sheikh sasa hivi, na sitanung'unika hata siku moja. Kama anataka nimuoze mimi, anisubiri."

Mama akaingia chumbani na maneno hayo. Wanawake wakanizunguka. Wali wa arusi unapoa, wageni wa Lamu wana safari, bwana arusi wako kule barazani ameloa jasho, sema ndiyo, mwanangu, mambo yaishe.

Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Wallahi nilikuwa nasema. Halafu nikakumbuka jinsi nilivyokua mtaani Barani, watoto wa madereva tulikuwa kundi zima. Safari zikichelewa, wenzangu walikuwa wakiuacha ua na kwenda kuchungulia barabarani, mama zao wakianza kuzungukazunguka bila kazi. Mimi sikuwahi kwenda kuchungulia. Baba akichelewa, nilijua yuko mahali amelala. Nilikuwa nakula nikashiba, nacheza, nalala usingizi wangu wote. Mmoja wetu baba yake hakurudi, alipatikana na lori lake kwenye mtaro upande wa Gede, na hakukuwa na gari jingine lolote lililohusika. Binti yake alikuwapo siku hiyo ya arusi, palepale chumbani, ndiye aliyekuwa akinipaka wanja. Alikuwa ameacha kupaka tu, ananitazama.

"Atanioza baba," nikasema.

"Na wageni?" mama akauliza.

"Wapewe kahawa nyingine."

"Na wali?"

"Utapashwa!"

Mama akatikisa kichwa, akasema, "Mkaidi kama babako," na akatoka kwenda barazani kutangaza kwa sauti ya kujivunia kabisa, utafikiri shauri ni lake. Baba mkwe naye, Mungu amjaze kheri, akasema mtu anayesubiriwa hivi na bintiye ni lazima asubiriwe, na akaomba birika lirudi.

Jua lilikuwa limeshashuka tuliposikia honi ya lori. Mtaa mzima ulitoka. Baba alishuka taratibu, nyuma yake ami anashuka kwenye probox, uso umemkunjuka. Baba akaoga, akavaa kanzu na koti, akaswali Magharibi na wageni wake, akawaomba radhi mmoja mmoja kwa mkono. Kisha akaja chumbani kwangu na sheikh na mashahidi kuniuliza idhini. Nikainamisha kichwa, nimefunikwa leso.

Akafunua leso kidogo. Sikuelewa anatafuta nini.

"Umelala lini, mwanangu?"

"Baba, leo ni arusi."

"Sikuuliza leo ni nini. Umelala lini?"

Nikahesabu kusingwa, ngoma ya vugo, hina, usiku wa jana wa nyimbo. "Juzi," nikasema.

Akageuka kwa sheikh. "Samahani sana, sheikh wangu. Simuulizi."

Mama akashika kiuno. "Sasa ni nini tena?"

"Hili ndilo neno kubwa kuliko yote atakayoulizwa maishani," baba akasema. "Akishalitoa, ndiyo ameshaingia njiani. Siwezi kumtia mtoto wangu njiani na macho hayo."

"Poda itafutika!" mmoja akalia.

"Ipakwe tena."

Sheikh, mzee wa watu, akaanza kucheka mpaka kilemba kikaenda upande, akasema nikaha itakuwa baada ya Isha, hakuna ubaya wowote, na akatoka. Baba akawatoa wanawake wote. Akanitolea mto, akanivua viatu vile vya kisigino, akavipanga chini ya kitanda. Akauliza jikoni kuna nini. Mama akajibu kwa hasira kwamba wali umeisha kwa wageni, anateleka mwingine.

"Vizuri," baba akasema. "Ukiiva, tumwamshe."

Akakaa kizingitini, mgongo kwenye mlango. Nilisikia watu wakija, na yeye akiwaambia kwa upole, "Wali haujaiva." Sikumbuki alirudia mara ngapi, kwa sababu nililala, usingizi mzito wa utotoni, wa kujua baba yuko.

Kilichoniamsha ni harufu ya nazi. Nikakalishwa, poda ikapakwa tena, leso ikarudishwa. Sheikh akaingia, mashahidi wakaingia. Baba akachuchumaa mbele yangu, na safari hii nikayaona macho yake kwa karibu, meupe, yametulia, yananiona mimi tu.

Akaniuliza mara ya kwanza kama nimeridhia. Nilikuwa nimefundwa ninyamaze, haya ya bibi arusi, nikanyamaza. Akauliza ya pili, nikanyamaza. Akauliza ya tatu, na hapo nilifundwa niseme kwa kunong'ona, asikie yeye peke yake.

Nilijibu kwa sauti iliyofika mpaka barazani.

"Nimeridhia, Baba. Nioze wewe."