Ngazi za Ngome ya Tharangambadi

Harufu ya samaki waliokaushwa ndiyo iliyotupokea Tharangambadi, mji wa pwani ya India, na mama, aliyeuza omena sokoni Misikhu tangu sijazaliwa, akaivuta kama mtu aliyefika kwake. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimezibwa tundu la moyo katika hospitali moja ya Chennai, baada ya kanisa letu kufanya harambee hata majogoo wakanadiwa. Daktari alitaka nipande ngazi taratibu, aone kama moyo umekubali kabla hajaturuhusu kurudi Kenya. Mama akaona ngazi za hospitali ni hasara. "Si tutafute zenye kitu huko juu," akasema.

Ndivyo mtoto wa Bungoma, asiyewahi kuiona hata Mombasa, alivyoanzia bahari India. Njiani, Mahabalipuram, tulivua viatu tuone hekalu la mawe lililo ukingoni mwa maji; mama akavifunga kwenye leso na kuvibeba kichwani. Miungu ya watu aliiheshimu, ila viatu hakumwachia mtu. Kisha tukafika Tharangambadi, penye ngome ya kale ya watu wa Denmark, kuta zake rangi ya mahindi ya njano. Chini yake mama alinunua makombe ya baharini kwa mwanamke wa pale, akayahesabu mara mbili, halafu akanyoosha kiganja tena: niongeze. Lugha hawakuelewana hata kidogo. Yule muuzaji akacheka, akaongeza moja.

Mama akanivua viatu tena nisiteleze, akavifunga kwenye leso, tukaanza kupanda. Katikati ya ngazi nilikaa kitako.

"Mama, nimechoka."

"Hiyo ndiyo bei yako ya mwisho?"

"Ndiyo."

"Aa, baba, mimi ni mteja wako. Niongeze moja tu."

Nikaongeza. Akapumzika nami, akaomba nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Tukatokea juu, upepo wa chumvi ukitupiga usoni. Mama akaweka kiganja kwenye kovu langu, akahesabu mapigo, akarudia. Kisha akafungua leso akanivalisha viatu yeye mwenyewe, kama mtoto wa kubatizwa.

Leo nina duka la vitambaa Kitale, ghorofani, na magunia napanda nayo nikipiga mluzi. Mama ndiye magoti yamemgomea. Juzi alisimama katikati ya ngazi zangu, ameshika ukuta.

"Mama, niongeze moja tu."

"Usinilalie, bana. Biashara hiyo nilikufundisha mimi."

Lakini akaongeza.