Nusu Glasi ya Zamu

Kwenye kituo chetu cha kusafisha maji, katika mji wa shaba wa Kolwezi, zamu haikukabidhiwa kwa maneno. Aliyekuwa anatoka alifungua bomba la mwisho, lile la maji yaliyokwisha kusafishwa, akajaza glasi na kunywa nusu mbele ya anayeingia. Anayeingia akaimalizia. Hiyo ndiyo iliyokuwa releve yetu, yaani kupokezana zamu, na bila hiyo hata mkurugenzi angekuja na karatasi yake, zamu ilikuwa bado ya yule wa kwanza. Wageni walitucheka. Waache wacheke. Mtu aliyelala kazini na kuharibu maji hawezi kuyanywa asubuhi mbele yako huku ametulia.

Nitajisifu kidogo, mnivumilie. Wachimbaji walikuwa na nyimbo zao na watu wa viwandani walikuwa na kofia zao nzuri, lakini mji mzima ulikunywa kutoka mikononi mwetu. Maji ya mto yaliingia mekundu wakati wa mvua. Tuliyatia shabu, tukayakoroga kwa kasi, kisha polepole, mpaka uchafu ukashikana vipande laini kama pamba na kuzama. Upande wa pili wa uzio yalikuja maji ya viwandani, makali kwa asidi, na rangi yake ya kijani ilikuwa nzuri kuitazama na mbaya kuigusa. Hayo tuliyapa maziwa ya chokaa mpaka ukali ukaisha na shaba ikalala chini kama matope ya buluu. Sisi ndio tuliokuwa wa mwisho kuyaona maji kabla ya mtoto kuyanywa, na wa mwisho kuyaona kabla ya samaki. Mimi nilikuwa mwanamke pekee kwenye zamu yetu, na sikuwahi kuomba nipewe kazi nyepesi.

Aliyenifundisha alikuwa shefu wa zamu, msimamizi wetu, mtu mfupi, mkali, mwenye sauti ya kukwaruza kwa sababu ya vumbi la chokaa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai, mkoa wa mbali, kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kapata, hapahapa Kolwezi, kwenye nyumba za kampuni, mstari wa nyuma ya nyumba yangu. Mimi nilitoka Lubudi, mji mdogo wa mkoa wetu huuhuu, na hilo hakuliacha lipite hata siku moja.

"Mama wa Lubudi," aliniambia kila nilipokosea kipimo, "kwenu munakunywaka mayi na bachura ndani. Huku Kolwezi tunawatoshaka inje kwanza."

Nilimjibu kwamba vyura wa Lubudi ni wasafi kuliko mashefu wa Kolwezi. Alicheka, halafu akanirudisha kwenye glasi za majaribio, nianze upya.

Kisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mambo yakaharibika. Mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, viwanda vikasimama kimoja baada ya kingine, mishahara ikawa habari ya kusimuliwa. Vipuri vya pampu havikuja tena. Na kama vile njaa haikutosha, wakatokea watu wa kusema kwamba kila aliyetoka Kasai arudi kwao. Kwao wapi? Wengi wao walikuwa hawajawahi hata kuiona hiyo Kasai. Nilikasirika wakati ule, na bado nina hasira.

Vijana walifika getini kwetu mchana, na fimbo na petroli, wakimtaja shefu. Alikuwa anachanganya chokaa. Tulimpitisha nyuma, njia ya mabwawa ya matope, akaondoka na buti zake za mpira miguuni. Glasi yake ya zamu ilibaki kwenye sinki, kavu. Tangu siku ile niliiongoza zamu ambayo hakuna aliyenikabidhi. Nilipewa cheo, ndiyo. Lakini kila asubuhi nilipoitazama ile glasi nilijiona kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha jirani aliyetoka kidogo tu.

Waliofukuzwa walikusanyika stesheni kungoja treni ambazo hazikuja. Familia nzima zililala kando ya reli, na magodoro, masufuria, hata milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Maji walichota kwenye mfereji uliopita nyuma ya mabehewa. Watoto wakaanza kuhara, na wengine wakazikwa palepale, nyuma ya maghala. Nilipoambiwa hivyo sikuweza kula. Mimi nilikuwa na bomba la maji safi, na watoto wa watu niliofanya nao kazi walikuwa wanakufa kwa maji machafu.

Nilimwendea dereva wa lori la tangi, lile lililokuwa linanyunyizia maji barabara za mgodi ili vumbi lisiruke. Alikuwa hana kazi, na lori halina kazi. Tuliliosha, tukalijaza, nami nikaichukua ile glasi kwenye sinki na kuitia mkobani, kwani nilisikia shefu naye yuko stesheni. Njiani vijana walitusimamisha.

"Munapelekea nani mayi?"

"Batu beko na kiu," nikasema. "Na weye kama uko na kiu, kuya na kikombe."

Walinitazama, wakamtazama dereva, wakatuachia. Sijui kama ni aibu au ni sura yangu.

Stesheni, hakuna aliyesogea. Tangi limejaa, bomba liko wazi, ndoo tupu zimezagaa kila mahali, na watu wamekaa tu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinijibu kwa adabu iliyoniumiza.

"Mama, tunashukuru. Lakini banatuambia mutatutilia sumu. Hii mayi hatuiyue."

Nikauliza shefu yuko wapi. Wakamwita. Alikuja amekonda, na buti zilezile. Hatukukumbatiana, haikuwa desturi yetu. Nilimpa glasi. Aliitambua, akaenda kwenye bomba na kuijaza. Watu wote walisimama. Nami nikajiambia: sasa atakunywa, na watoto hawa watapona.

Aliinua glasi kwenye jua. Akanusa. Akaiweka juu ya jiwe na kungoja, mpaka chini yake kukaonekana mstari mwembamba mwekundu. Akayamwaga yote chini.

"Hii hapana," alisema. "Iko na bulongo."

Damu ilinipanda. Mbele ya watu wote wale! Nilimwambia kwamba maji yalitoka kituoni meupe kabisa, tangi ndilo lililokuwa na udongo wa barabara za mgodi.

"Batu ba hapa habatakunywa ku kituo, mama. Batakunywa mu siterne ya lori."

Nilirudi bila kumuaga. Tulifungua kifuniko cha tangi, nikaingia mwenyewe na brashi, nikasugua kila kiungo cha bati kwa chokaa huku nikimtukana shefu kwa lugha zote ninazozijua, na dereva nje anacheka. Tukasuuza. Tukasuuza tena kwa maji ya klorini, tukasuuza mara nyingine, mpaka nikaona hata shefu na ubishi wake atakosa la kusema. Kesho yake tukarudi.

Safari hii watu walikuwa wanangoja. Yule mama mwenye mtoto alikuwa mbele kabisa, na ndoo mkononi. Ndipo nilipoelewa alichonifanyia yule mtu mkali. Kama angekunywa jana kwa ajili ya urafiki wetu, wangesema amenunuliwa. Walimwona akiyakataa maji ya rafiki yake, na sasa macho yao yote yalikuwa kwenye glasi ile.

Akajaza. Akainua kwenye jua, akanusa, akaiweka juu ya jiwe. Alingoja kwa muda mrefu kuliko jana. Chini ya glasi hapakuwa na kitu. Akanywa taratibu, akaishia kwenye nusu. Nilidhani atampa yule mama iliyobaki. Akanigeukia mimi, mzaliwa wa Lubudi, mbele ya watu ambao watu wa kwetu waliwafukuza, akaninyooshea mkono.

"Releve, mama," alisema. "Kazi ni yako sasa."

Nikainywa mpaka tone la mwisho. Nyuma yangu nilisikia ndoo ya kwanza ikigonga bomba.

Tuliwapelekea maji mpaka treni ilipokuja na kumchukua shefu pamoja na wengine. Siku aliyoondoka nilirudi kituoni, nikaiosha glasi na kuiweka mahali pake, kisha nikaingia kwenye zamu yangu.